Nani Alisema Mtaa Huu Haupandi Bei?

Hotuba kwa familia za wasemaji wa Kiswahili, Brooklyn Park, Minnesota

Wazee wetu, akina mama, akina baba, vijana, ndugu zetu wa Kongo na Burundi mliofika karibuni, na ninyi mliotangulia mkatupokea wengi wetu: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi. Kazi yangu ni ushauri wa nyumba. Nakaa na familia kabla hazijatia saini, tunasoma makaratasi ya mkopo ukurasa kwa ukurasa, na mara nyingine nakaa nazo baada ya mambo kuharibika.

Nimeombwa niseme juu ya kununua nyumba. Nitaanza na ushauri mmoja ambao kila mmoja wetu ameupata, kwenye grupu la WhatsApp, kwenye harusi, hata matangani: "Usinunue North. Kule nyumba haipandi."

North, kwa mgeni, ni North Minneapolis, upande wa mji walikojaa Wamarekani Weusi kwa vizazi kadhaa. Anayetoa ushauri huo ana nia njema, na akihesabu dola mara nyingi hakosei. Lakini nawaomba mnielewe jioni hii: bei ile haikuletwa na udongo, wala mbao, wala tabia za majirani. Iliwekwa na watu, kwa hati, kwa sheria na kwa muhuri wa serikali. Na sisi tuliokuja juzi tumo ndani yake kwa sababu ya ngozi zetu, tujiite Wakenya, Watanzania au Wakongomani.

Mwaka 1910, kwenye hati ya kiwanja kimoja hapa Minneapolis, iliandikwa kwamba mahali hapo pasiuzwe, pasiwekwe rehani wala pasipangishwe kwa mtu yeyote wa damu au asili ya Kichina, Kijapani, Kimoor, Kituruki, Kinegro, Kimongolia au Kiafrika. Nani kati ya babu zetu alikuwa akitafuta kiwanja Minneapolis mwaka 1910? Hakuwapo Mkamba, hakuwapo Mhaya, hakuwapo Mbembe. Tulikatazwa kabla hatujapiga hodi.

Hati hiyo ilifuatwa na nyingine kwa maelfu. Tunazijua kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika mradi waliouita Mapping Prejudice ulioanza 2016, walizipekua kumbukumbu za ardhi za kaunti hati moja moja, wakisaidiwa na watu wa kawaida waliojitolea kusoma. Walipoziweka kwenye ramani, hati zile zilionekana zimezunguka maziwa, bustani na mito, zile sehemu ambazo leo tukipita kwa gari tunaambiana, "Hapa ndipo penye pesa." Wachumi wamelinganisha nyumba zilizokuwa na kifungu kile na nyumba za aina yake zilizokosa. Zenye kifungu zina bei ya juu hadi leo, ingawa kifungu chenyewe hakina nguvu ya kisheria tangu zamani. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1948 kwamba hakuna mahakama itakayokitekeleza. Minnesota ilipiga marufuku kuandika vipya mwaka 1953. Sheria ya shirikisho ya kukataza ubaguzi katika nyumba ilitiwa saini Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Kwa hiyo maneno yalikufa, lakini bei haikufa nayo.

Na asiyeandikiwa hati alizuiwa kwa njia nyingine. Mwaka 1931 Arthur Lee, mfanyakazi wa posta aliyepigana Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, alinunua pamoja na mkewe Edith nyumba ndogo ya kawaida huko kusini mwa Minneapolis, penye barabara ya 46 na Columbus. Umati wa watu kwa maelfu uliwazingira, siku baada ya siku, wakitupa mawe na matusi. Mwanasheria wao alikuwa Lena Olive Smith, mwanamke Mweusi, na kwa msaada wake familia ile ilibaki. Ilibaki hadi 1933, kisha ikahama. Nyumba ipo, na imeingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Wazazi, wapelekeni watoto wakaione. Ni bure, na watajifunza zaidi kuliko niwezavyo kuwaeleza hapa.

Sasa serikali iliingiaje? Mwaka 1933, huko Chicago, mchumi aitwaye Homer Hoyt aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya bei za ardhi za mji ule. Ndani yake aliyapanga mataifa ya watu katika ngazi kumi, kwa jinsi yalivyoaminiwa kupandisha au kushusha thamani ya ardhi. Juu kabisa aliwaweka Waingereza, Wajerumani, Waskoti, Waairishi na Waskandinavia. Ngazi ya tisa, Weusi. Ya kumi, Wameksiko. Mwaka 1934 serikali ilipounda idara ya kudhamini mikopo ya nyumba, ile FHA mnayoiona mpaka leo kwenye makaratasi ya mkopo, Hoyt alichukuliwa kuwa mchumi wake mkuu wa nyumba. Kitabu cha maelekezo cha idara hiyo kikawafundisha wathamini wa nchi nzima kwamba mtaa ukitaka kubaki imara lazima ukaliwe na watu wa tabaka lile lile na rangi ile ile.

Mtasikia pia habari za ramani zilizopaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kwa mikopo, zilizochorwa na shirika lingine la serikali katika miji zaidi ya 200. Wanahistoria wa uchumi wanabishana ni kiasi gani ramani zile zenyewe zilifanya madhara, na ni kiasi gani zilionyesha tu yaliyokwisha kuwapo. Mimi naona waliofanya kazi kubwa ni FHA. Ramani ni picha, lakini aliyekuwa na mamlaka ya kusema "mkopo huu tunaudhamini, huu hatuudhamini" ndiye aliyejenga vitongoji vya Wazungu na kuwaacha Weusi wakigombania nyumba kuukuu za katikati ya mji.

Jambo hili si geni kwetu. Mliokulia Dar es Salaam mnajua Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mliokulia Nairobi mnajua nani alijengewa Muthaiga na nani alisukumwa Eastlands. Bendera ilishushwa, lakini angalieni kiwanja cha Oysterbay kinauzwaje leo.

Na pale Wamarekani Weusi walipofanikiwa kujijengea mtaa wao, barabara ilipita juu yake. Upande wa pili wa mto, St. Paul, kulikuwa na mtaa uitwao Rondo: wafanyakazi wa reli, walimu, makanisa, maduka, watu waliomiliki nyumba zao. Kati ya 1956 na 1968 barabara kuu ya I-94 ilichimbwa katikati yake. Nyumba zipatazo 700 zikaondoka. Kila asubuhi wengi wetu tunapita pale kwenda kazini, na tukipita tukumbuke kwamba tunaendesha juu ya urithi wa watu.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu neno "kupanda" linasemwa sana bila kupigiwa hesabu.

Chukueni nyumba mbili za dola 300,000. Ni mfano wangu tu. Moja iko mtaa unaopanda asilimia 4 kwa mwaka, nyingine mtaa unaopanda asilimia 2. Baada ya miaka 20, nyumba ya kwanza ina thamani ya dola 657,000 hivi. Ya pili 446,000 hivi. Tofauti ni zaidi ya dola laki mbili, na wote wawili walifanya kazi zile zile, zamu zile zile za usiku, na kulipa benki kila mwezi bila kukosa. Laki mbili ndizo ada ya chuo ya watoto. Ndizo kianzio cha nyumba ya mtoto wa kwanza. Ndizo fedha za kuuguzia mzazi bila kuchangisha. Anayezikosa hatambui kwamba amezikosa, kwa sababu hakuna barua inayokuja kumwambia.

Ndiyo maana takwimu za benki kuu ya Marekani za mwaka 2022 zinaonyesha familia ya Kizungu iliyo katikati kabisa kwa utajiri ikiwa na mali ya dola 285,000, na ya Wamarekani Weusi dola 44,900. Nyumba si sababu pekee, lakini kwa familia za kawaida nyumba ndiyo mali kubwa. Nchi nzima, karibu robo tatu ya kaya za Wazungu zinamiliki nyumba, na za Weusi hazifiki nusu. Hapa Minnesota hali ni mbaya zaidi: kaya za Weusi zenye nyumba ni takriban tatu kati ya kumi, na za Wazungu zinapita saba. Jimbo hili linasifiwa kwa shule na hospitali, na sifa hizo ni za kweli. Lakini pengo hili ni miongoni mwa makubwa kuliko yote Marekani, na ndani yake sisi tumo.

Mtu ataniambia: lakini nyumba za mitaa ya Weusi ni mbovu, shule ni duni, uhalifu upo. Swali hilo limefanyiwa utafiti. Mwaka 2018 watafiti wa Brookings, taasisi ya utafiti ya Marekani, wakiongozwa na Andre Perry, walilinganisha nyumba za ubora unaofanana katika mitaa yenye huduma zinazofanana. Hata baada ya kuyaondoa hayo yote, nyumba katika mitaa ambayo nusu au zaidi ya wakazi ni Weusi ilikuwa na thamani pungufu kwa asilimia 23 kuliko katika mitaa yenye Weusi wachache. Wastani wa dola 48,000 kwa nyumba moja. Kwa jumla ya nchi, dola bilioni 156. Shule mbovu haiwezi kulaumiwa kwa kipande hicho, kwa sababu shule imekwisha kuhesabiwa.

Basi kinapotea wapi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia zetu zinapoumia bila kujua.

Mthamini anapotumwa na benki kuja nyumbani kwako, hajumlishi gharama ya paa na jiko. Anatafuta nyumba chache zilizouzwa karibuni katika mtaa unaofanana na wako, halafu anapanga bei yako kwa kuzitazama zile. Kwenye karatasi ni njia ya haki. Lakini mtaa "unaofanana" ni upi? Mwanasosholojia Junia Howell na mwenzake Elizabeth Korver-Glenn wameonyesha kwamba wathamini huelekea kumlinganisha Mweusi na mtaa wa Weusi na Mzungu na mtaa wa Wazungu, hata pale nyumba zenyewe zinapolingana. Na bei ya mauzo ya jana ilitokana na bei ya juzi, ya juzi ikatokana na zile ngazi kumi za Hoyt. Ni kama mfanyakazi ambaye kila mwajiri mpya anamuuliza, "Ulilipwa ngapi kazi iliyopita?" kisha anamwongezea kidogo juu ya hapo. Aliyepunjwa mara ya kwanza atapunjwa mpaka astaafu, na hakuna mwajiri hata mmoja atakayejiona mbaguzi. Ndiyo maana watafiti hao wawili walikuta kwamba rangi ya mtaa ilikuwa na uzito mkubwa zaidi kwenye thamani ya nyumba mwaka 2015 kuliko mwaka 1980. Ubaguzi ulikatazwa 1968, na bado pengo limepanuka.

Zaidi ya hapo kuna macho ya mthamini mwenyewe. Huko Marin City, California, wanandoa Weusi waliambiwa nyumba yao ina thamani ya dola 995,000. Hawakuridhika. Wakaomba mthamini mwingine, wakaondoa picha za familia ukutani, na rafiki yao Mzungu akampokea kana kwamba nyumba ni yake. Mthamini wa pili aliandika dola 1,482,500. Walishitaki, na shauri likamalizika kwa makubaliano mwaka 2023.

Inaumiza zaidi kwamba mwenye nyumba huyo huyo mara nyingi hutozwa kodi kana kwamba nyumba yake ni ghali. Wachumi Carlos Avenancio-León na Troup Howard walikuta kwamba kwa huduma zile zile za umma, Weusi na Walatino hubeba mzigo wa kodi ya nyumba uliozidi kwa asilimia 10 hadi 13. Unaambiwa thamani ni ndogo ukitaka kuuza au kukopa, na unaambiwa ni kubwa ukitakiwa kulipa.

Nimesikia hoja kwamba siku hizi mitaa ya Weusi inapanda kwa kasi kwa asilimia. Kuna miji ambako ni kweli. Lakini asilimia 50 ya nyumba ya laki moja ni dola 50,000, na asilimia 20 ya nyumba ya laki nne ni dola 80,000. Asilimia hailipi ada. Halafu tazameni nani anamiliki wakati inapanda. Kabla ya 2008 mabenki yaliwauzia Weusi mikopo ya riba kubwa, hata waliostahili mikopo mizuri. Serikali ilizifungulia kesi baadhi yake: Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335 mwaka 2011, na Wells Fargo zaidi ya dola milioni 175 mwaka 2012. Wakati fedha hizo zinakubaliwa, nyumba zilikuwa zimekwisha kupigwa mnada. Hapa North, Mei 2011, kimbunga nacho kikapita juu ya paa za watu waliokuwa tayari wamelemewa. Wawekezaji wakanunua kwa bei ya chini, wakapangisha. Kwa hiyo bei ilipokuja kupanda, ilipanda mikononi mwa wasiokaa pale.

Ndugu zangu, sasa nasema jambo linalonikosesha usingizi, nalo limo ndani ya jamii yetu leo hii.

Miaka ya 1950 na 1960 huko Chicago, Mweusi akinyimwa mkopo wa benki, alikuja mtu na kumwambia: mimi nitakuuzia, usijali benki. Utalipa kianzio, utalipa kila mwezi, na ukimaliza nitakupa hati. Nyumba ilinunuliwa leo kwa bei ya hofu kutoka kwa Mzungu anayehama, na kesho kuuzwa kwa Mweusi kwa bei iliyoruka mbali. Hati ilibaki kwa muuzaji. Ukikosa malipo ya mwezi mmoja, unatolewa, na kila ulicholipa kimepotea, halafu nyumba inauzwa kwa mwingine. Mtaa wa North Lawndale uliumizwa sana, na ni watu wa mtaa huo waliojiunga mwaka 1968, wakagoma kulipa, wakaenda mahakamani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba familia za Weusi wa Chicago zilinyang'anywa kwa njia hiyo kati ya dola bilioni 3 na 4.

Mkataba huo haujafa. Upo hapa Minnesota, na kwenye karatasi mtauona ukiitwa contract for deed. Katika miaka hii unauzwa kwa Waafrika Mashariki, na hasa kwa Waislamu wanaokimbia riba. Wanaambiwa, "Hakuna riba hapa," kumbe riba imefichwa ndani ya bei. Wengine wamewekewa malipo makubwa ya mwisho, maelfu mengi ya dola kwa mkupuo, baada ya miaka michache. Wanaouza wakati mwingine wanasema lugha yetu na kuswali nasi. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilibadili sheria: mwekezaji anayeuza kwa njia hii sasa analazimika kukupa taarifa kwa maandishi mapema, kabla hujatia saini, ikiwamo bei aliyonunulia. Hiyo ni nafuu. Haitamsaidia asiyeisoma.

Kwa Muislamu anayetaka nyumba bila riba, ziko taasisi zinazouza kwa murabaha, kwa faida iliyotajwa wazi tangu mwanzo. Ulizeni maimamu, lakini mthamini wa nyumba awe wenu, na mwanasheria awe wenu, asiletwe na muuzaji.

Sasa, tununue North au tusinunue? Sitamwambia mama mwenye watoto wanne aweke akiba yake yote mahali ambapo hesabu inampinga, ili kunithibitishia mimi jambo. Kila familia ijue mfuko wake. Ninachokataa ni maneno yanayofuata baadaye: "Wale Wamarekani Weusi hawatunzi mtaa." Nakataa kwa sababu si kweli, na kwa sababu maneno hayo ndiyo yanayoshusha bei. Mnunuzi anayekimbia kwa kuogopa kwamba wengine watakimbia ameshiriki kuipanga ile bei. Isitoshe, mkihamia vitongoji kama Brooklyn Park au Maple Grove mkawa wengi, mthamini atakayekuja hatauliza kama ulizaliwa Kisii au Mississippi. Jambo lao ni letu.

Kwa hiyo fanyeni haya. Mkishathaminiwa, daini nakala ya ripoti, ni haki yenu kisheria na ni bure. Angalieni nyumba walizolinganisha nazo ziko wapi. Kama wamevuka nyumba nzuri zilizouzwa karibu wakaenda kutafuta za bei ya chini mbali, andikieni benki kuomba thamani ipitiwe upya, mkiambatanisha mifano yenu. Barua ya thamani ya kodi inayotoka kaunti mwezi Machi msiitupe na matangazo. Ina tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Mnaomiliki nyumba za zamani, tafuteni kama hati yenu ina kile kifungu cha "damu ya Kiafrika." Tangu 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kuandikisha kwamba kifungu hicho ni batili, na miji mingi inasaidia bila malipo. Na bunge lilitenga fedha mwaka 2023 kuwasaidia kianzio wanunuzi ambao wazazi wao hawakumiliki nyumba. Ulizeni kama bado zipo na kama mnastahili, kabla hamjakopa kianzio kwa jamaa.

Kama kuna aliyekwisha kusaini mkataba wa kulipa kwanza na kupata hati baadaye, asione haya. Alidanganywa na watu wanaoijua kazi yao. Nitakaa kwenye meza ile karibu na jikoni hadi saa tatu usiku, na wanasheria wawili wa msaada wa bure wako nami, mmoja anasema Kisomali na mwingine Kiswahili. Leteni karatasi zote, hata risiti zilizochanika. Mlioziacha nyumbani, nendeni mkazichukue sasa, tutawasubiri.